UZI MAALUMU: Bakuli na mitungi ya vipande. Kazi iko kwenye msumeno, kerezo linamalizia tu

#1 Mkereza_wa_Muheza

Wakuu, salaam. Tangu niweke picha ya lile bakuli la mpingo na mchungwa kwenye uzi wa mafundi seremala, ujumbe haukauki. Maswali yenyewe ni yale yale, kwa hiyo nimeona tuongee hapa hadharani kila mtu afaidike.

Kwa asiyeijua kazi hii: hatuchukui gogo moja tukalikereza. Tunakata vipande vidogo vyenye pembe, tunaviunga kwa gundi vinakuwa pete, tunapanga pete juu ya pete mpaka umbo linaonekana, ndipo tunafunga kwenye lezi, yaani hilo kerezo, mashine ya kukerezea. Marekani wameisukuma mbali sana; tafuteni picha za kazi za mafundi wa huko Ray Allen na Malcolm Tibbetts mtakaa kimya kidogo.

Kilichonivuta mimi ni mabaki. Ingia karakana yoyote ya fanicha uangalie chini ya meza ya msumeno: mninga, mkongo, mtiki, vyote vinasubiri kwenda kuwa kuni. Kipande cha sentimita sita hakimfai kitu mtengeneza vitanda. Kwangu, kumi na viwili vya namna hiyo ni pete. Mpingo ndio kabisa, kwa sababu gogo la mpingo lililonyooka na lenye moyo mzima kulipata ni shida, lakini vipande vifupi visafi vinatoka hata kwenye gogo lililopasuka.

Rangi tunazo, hatuhitaji kupaka kitu. Mpingo mweusi, na ukingo wake wa nje una utepe wa rangi ya maziwa ambao wengi wanautupa. Mninga wa kahawia wenye mistari ya dhahabu. Mfenesi wa njano inayowaka. Halafu mchungwa: huku kwetu mashamba ya zamani yanapokatwa watu wanachoma mkaa, kumbe ule mti ni mgumu, laini kwa kukereza, na weupe wake wa manjano ukikaa karibu na mpingo unapendeza kupita maelezo.

Jambo moja tu nataka lieleweke mapema. Watu wanadhani ufundi uko pale maranda yanaporuka. Hapana. Ukishafunga kwenye lezi, bakuli limeshaamuliwa siku nyingi. Pete ikiwa na mianya, hakuna patasi duniani itakayoiziba. Muda mwingi niko kwenye msumeno na msasa. Kwenye lezi ni sehemu ndogo, na ndiyo ya raha.

Ulizeni.

#2 Chuma_Mboga

Nimeweka kiti. Mkuu tupia na picha za hatua kwa hatua usitubanie.

#3 Fundi_Keko

Mkuu Mkereza, heshima yako. Mimi ni wa fanicha, lezi ninayo ya kienyeji, mota na bearing za gari, inakereza miguu ya meza vizuri tu. Nimejaribu hizo pete zako. Vipande 12, nikagawanya 360 kwa 12 nikapata 30, nusu yake 15, nikaweka msumeno wa kukatia pembe kwenye 15 kamili. Vipande kumi na moja vinakaa safi, cha kumi na mbili kinaacha mwanya unaoingiza sarafu. Msumeno sio mbovu, fremu za picha nakata nao kila siku. Kosa liko wapi?

#4 Mkereza_wa_Muheza

Fundi, hesabu yako iko sawa na msumeno wako sio mbovu. Fremu ya picha ina mikato minane tu. Pete ya vipande 12 ina mikato 24, na kila mkato unabeba kosa lake. Ule mstari wa 15 kwenye kipimo ukidanganya kwa sehemu moja ya kumi ya digrii, ambayo jicho halioni, zidisha mara 24: umekosea digrii 2.4. Kwenye pete yenye kipenyo cha mm 200, huo ni mwanya wa mm 4 ukingoni. Ndiyo hiyo sarafu yako.

Kuna njia mbili na mimi natumia zote.

Ya kwanza ni nusu pete. Usiunge vipande vyote 12 kwa mkupuo. Unga sita upande huu, sita upande ule, na usitie gundi pale nusu zinapokutana. Pachika vijiti vya meno kwenye maungio hayo mawili, funga mpira uache vikauke. Vikishika, una nusu mbili, na kosa lote la mikato limekusanyika kwenye nyuso zake nne. Bandika msasa namba 80 juu ya kioo kinene au ubao uliopigwa randa ukanyooka kweli, sugua kila nusu mpaka ncha zake mbili zilale flati kwa pamoja. Kisha unga nusu kwa nusu. Pete inapungua kipenyo kidogo sana, hakuna atakayejua.

Ya pili ni ya kabari, na hii ndiyo inayoondoa ugonjwa wenyewe. Unahitaji msumeno wa meza na kitelezi, yaani ubao unaoteleza kwenye mifereji ya meza. Juu ya kitelezi unafunga viegemeo viwili. Cha kwanza kifunge kwa makadirio tu, karibu na 15. Kiegemeze kabari ya digrii 30, lete kiegemeo cha pili kigusane na kabari bila mwanga kupita, kaza skrubu, toa kabari. Sasa ubao unakatwa mara moja kwa kiegemeo hiki na mara moja kwa kile. Kama cha kwanza kimekaa 14.8, cha pili hakina ujanja, kitakaa 15.2. Jumla ni 30 ile ile. Kosa la mmoja linalipwa na mwenzake.

Kwa hiyo huhangaiki tena na vipimo vya msumeno. Unahangaika na kabari moja tu, na kabari unaitengeneza kwa futi, sio kwa kipima pembe. Pembetatu ya plaiwudi, pande mbili za mm 500, kitako mm 258.8, hiyo ni digrii 30. Ukitaka pete za vipande 24, kitako kiwe mm 130.5. Tumia penseli iliyochongwa kali.

Kuhusu kufunga pete: sina klampu za kizungu. Nakata tyubu ya baiskeli utepe mrefu nazungushia kwa nguvu. Hozi klipu zile za mipira ya radieta nazo zinafaa, unaunganisha mbili tatu.

#5 Ticha_wa_Hesabu

Mkuu umenifurahisha na hiyo kabari, nitawapelekea vijana wangu wa kidato cha tatu wanaouliza trigonometria inasaidia nini maishani.

Naongezea kitu kwa wanaotaka kupanga kabla ya kukata. Urefu wa kipande kwa upande wa nje ni kipenyo cha pete mara tanjenti ya (180 gawanya kwa idadi ya vipande). Msitafute kalkuleta, hizi hapa: vipande 8, zidisha kipenyo kwa 0.414. Vipande 12, kwa 0.268. Vipande 16, kwa 0.199. Vipande 18, kwa 0.176. Vipande 24, kwa 0.132. Pete ya mm 200 yenye vipande 12, kila kipande ni mm 53.6 upande mrefu.

Halafu kuna mtego kwenye upana wa ubao. Mtu anasema nje 200, ndani 160, basi ubao wa upana wa mm 20 unatosha. Hautoshi. Kabla ya kukerezwa ile pete sio duara, ni umbo la pande 12, na ndani yake kuna kona zinazoingia kwenye mbao kuliko katikati ya kila upande. Ukikereza mpaka mm 160 utakuta vishimo kumi na viwili pale kwenye kona. Kwa mfano huu unahitaji mm 22.7, na hapo hujaacha chochote cha patasi kula. Mimi ningekata 27 au 28.

#6 Mzito_Gikomba

Niko Nairobi wazee, uzi mtamu huu. Swali langu ni gundi. Nilijaribu mpingo na gundi nyeupe ya mbao, ile ya kawaida ya kila hardware. Mahogany ilishika, mpingo ukaachia nikiwa katikati ya kutoa maranda, kipande kikaruka hadi kwa jirani. Jamaa mmoja hapa ananiambia mpingo ni supa gluu peke yake. Ukweli ni upi?

#7 Mkereza_wa_Muheza

Kaka, supa gluu kwa pete hapana. Inashika haraka lakini ni kavu kama kioo, na mtikisiko wa lezi haiupendi. Naitumia kuziba nyufa ndogo tu.

Gundi nyeupe inaushika mpingo vizuri kama uso wake ni mpya na hauna mafuta. Ule mti una mafuta yake na ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, gundi haipati pa kuingia kirahisi. Mkato wa jana sio wa kuunga leo: mafuta yanapanda juu. Kata, futa kwa kitambaa cheupe chenye asetoni au thina safi mpaka kitambaa kisitoke rangi, subiri ikauke, paka gundi nyuso zote mbili papo hapo. Mtiki nao utendee hivyo hivyo.

Namna ya kuunga: paka, weka kipande kwa kipande, sugua mbele na nyuma mpaka uhisi vinakataa kuteleza, achia. Usikaze sana hata gundi yote ikatoka nje. Mshono uliobanwa mpaka gundi ikaisha ndani ni mshono wenye njaa.

Na haraka haifai hapa. Gundi nyeupe ina maji, mbao inavimba kidogo pale kwenye mshono. Ukisawazisha pete baada ya masaa mawili, itakuja kukauka na mshono utazama, utausikia kwa kidole. Mimi pete inalala siku nzima, hata mteja akipiga simu.

#8 Mbeba_Boksi_Minnesota

Salaam kutoka kwenye baridi. Wakuu nina jambo linalohusu hili. Nilipokuja likizo nilinunua Unguja bakuli kubwa la aina hii, mninga na mbao nyeupe, zuri mno, duka sitalitaja. Lilikaa mezani kwetu vizuri. Majira ya baridi yalipoingia tukawasha hita, usiku mmoja tukasikia mlio, paa! Asubuhi kitako kimepasuka katikati mstari mmoja kutoka huku mpaka kule. Pete zote nzima, hakuna mshono ulioachia. Mke wangu anasema nimeuziwa mbao mbichi. Ni kweli? Na je, naweza kuziba kwa gundi na unga wa mbao?

#9 Binti_Randa

Naomba nilijibu hili kwa ruhusa ya mwenye uzi, maana mambo ya mbao kutembea ndiyo yamenila ujana.

Kaka, huenda mbao zilikuwa kavu kabisa kwa Unguja. Tatizo ni kwamba kavu ya pwani sio kavu ya nyumba yenye hita. Mbao inanyonya na kutoa unyevu kufuatana na hewa iliyopo, na inapotoa unyevu inasinyaa kwenye upana wake. Kwa urefu, kufuata nyuzi, karibu haitembei kabisa. Hapo ndipo siri ilipo.

Angalia pete yako: nyuzi za kila kipande zinafuata mzunguko. Kwa hiyo mzunguko haupungui. Kitako chako je? Nina hakika ni ubao mmoja wa duara, nyuzi zinaelekea upande mmoja. Huo unataka kusinyaa kwa upana, milimita moja au zaidi kwa kitako cha mm 100, lakini umegandishwa kwa gundi pande zote kwenye pete isiyotaka kupungua. Kitu lazima kiachie. Kinachoachia ni kitako, katikati, kufuata nyuzi. Ingekuwa kinyume chake, kimetengenezwa kwenye ukame wa Dodoma kikahamia Tanga, kitako kingevimba na kusukuma pete mpaka mishono ifunguke.

Fundi aliyekuuzia ni hodari wa msumeno, mishono yake imekaa. Ila kitako kilitakiwa kielee: unachimba mfereji ndani ya pete ya chini, kitako kinaingia na nafasi kidogo pembeni, hakitiwi gundi. Au kitako chenyewe kijengwe kwa vipande vya pembetatu, na katikati kuwe na kizibo kidogo. Kama lazima kiwe kipande kimoja, basi kiwe kidogo na chembamba, mm 6 hivi.

Kuziba usizibe sasa. Majira ya joto huko kwenu hewa itarudi na unyevu, ufa utajibana wenyewe, ukikuta umeujaza gundi ngumu utapasuka mahali pengine. Liache bakuli lizunguke mwaka mzima kwanza. Shemeji yetu mwambie hajakosea sana.

#10 Mzee_Tendegu

Vijana nawasoma. Mimi nimekereza matendegu ya vitanda Lamu tangu miguu yangu ina nguvu, na kabla yetu wazee walikereza kwa uta: mkono mmoja unavuta uta, mwingine na kidole cha mguu vinashika patasi. Kazi ilikuwa polepole, na hakuna aliyepigwa usoni na kitu.

Sasa nyinyi mna mota. Chombo cha kipenyo cha sentimita 30 kikizunguka mara 1000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Na hicho chombo kimeshikwa na gundi tu. Huyo bwana wa Gikomba ashukuru kipande kilikwenda kwa jirani.

Anza polepole. Kipimo tunachotumia: kipenyo kwa inchi mara mizunguko isizidi 9000, na mwanzoni bado haijakaa sawa ukae karibu na 6000 au chini. Inchi 12, basi 500. Kabla ya kuwasha gonga kila pete kwa kipini cha patasi, sikiliza. Mlio wa kufa una mshono mbovu. Simama pembeni unapowasha, usisimame mbele. Na ngao ya uso nzima, sio miwani.

Vumbi la mpingo na la mninga lina ubaya wake kifuani, wengine linawawasha ngozi mpaka inatoa malengelenge. Kitambaa cha kufunga mdomoni ni mapambo.

#11 Mkereza_wa_Muheza

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kugonga na kusikiliza naliweka kwenye kitabu.

Naongeza la vidole kwenye msumeno, ambako ndiko hatari yenyewe iko zaidi: kipande cha sentimita nne hakishikwi kwa mkono karibu na bledi, hata kidogo. Tumia kijiti chenye raba mbele kukibana. Na kizuizi cha kupimia urefu kisikibane kipande dhidi ya bledi. Kikibanwa katikati kinapigwa kinarudi. Mimi nasimamisha bledi ndio natoa kipande. Inachelewesha, ndiyo.

#12 Mchumi_Huru

Wakuu msinichukie. Mtu anakata vipande mia na kitu, analaza gundi siku kadhaa, anakereza, anapiga msasa, mwisho anauza bakuli la kuwekea karanga. Mchina anatoa la plastiki lenye mistari hiyo hiyo kwa bei ya soda. Hii ni biashara au starehe?

#13 Fundi_Keko

Mchumi, mbona kitanda cha mninga kinauzwa na cha chuma kipo? Mimi nimeshaanza kuona pa kupenyea: sio bakuli, ni vichwa vya nguzo za ngazi na mitungi mikubwa ya mahoteli. Ukitaka mtungi wa mninga wa upana wa sentimita 40 kwa gogo moja, hilo gogo utalipata wapi, utalikausha miaka mingapi, na halipasuki? Kwa vipande naupata kwa mabaki ya wiki. Bakuli la karanga mwachie Mchina.

#14 Binti_Randa

Mimi nafikiria ukili. Ukitumia vipande 24, cheusi cheupe cheusi cheupe, na kila pete ukaisogeza nusu kipande kuelekea upande ule ule, milia inapanda kwa mshazari kama mkeka. Kuna Wamarekani wanatengeneza vyombo vya mbao ukivitazama unaapa ni vikapu vya kusuka. Sisi wenye mikeka yenyewe tumelala.

Ila angalizo kwa mpingo na mchungwa pamoja: msasa. Vumbi jeusi linaingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe na bakuli linakuwa la kijivu. Maliza iwezekanavyo kwa patasi kali, paka sandingi sila (ile rangi angavu ya kuziba vinyweleo) kabla ya msasa, na kati ya namba na namba puliza kwa kompresa. Usifute kwa kitambaa chenye maji.

#15 Mbeba_Boksi_Minnesota

Dada Binti Randa ubarikiwe, mke wangu amesoma na anacheka. Naacha ufa kama ulivyo. Swali la mwisho: nikiagiza mtungi wa mpingo kwa Mkereza, unapita uwanja wa ndege? Nasikia mpingo umezuiwa.

#16 Mkereza_wa_Muheza

Haujazuiwa, una masharti. Tangu Januari 2017 mpingo na karibu jamii yake yote uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kupeleka magogo na mbao nje ya nchi ni lazima kibali. Bidhaa iliyokamilika, kama mtungi, ina nafuu: uzito wa mbao hiyo ukiwa chini ya kilo 10 kwa mzigo mmoja haihesabiwi. Mninga na mkongo nazo ziliingizwa kwenye orodha hiyo mkutano wa 2022, ila kwa magogo, mbao na bidhaa za mbao zilizochakatwa kidogo. Hata hivyo uliza TFS, wakala wa misitu Tanzania, kabla ya safari na uwe na risiti, ofisa wa forodha hasomi uzi huu. Nami mpingo nanunua kwa mwenye vibali; gogo la usiku ni rahisi siku ya kununua tu.

#17 Fundi_Keko

Mkuu, kabari nimeshachora, kesho naikata. Nianze na chombo gani, na mbao gani?

#18 Mkereza_wa_Muheza

Mninga mtupu, usichanganye kitu. Pete tatu, vipande 12, kipenyo mm 150, kwa hiyo kila kipande mm 40.2, unene wa ubao mm 20. Pete ya katikati isogeze nusu kipande ili mishono isipangane, kama fundi tofali anavyopanga. Kitako kielee kama dada alivyosema. Ukikutanisha mshono wa kwanza, shika pete juu ya taa kabla ya gundi. Mwanga ukipita, rudi kwenye kabari, usiende kwenye klampu.

#19 Fundi_Keko

Msasa wa kusawazisha nusu pete, 80 mwanzo mwisho?

#20 Mkereza_wa_Muheza

80 kisha 120, basi. Ukizidisha uso unakuwa laini mno na kingo zinaanza kuviringika.